Upande wa Mlango

Kwetu, mtu akihama hakuacha paa lake. Kuta za udongo aliziacha zirudi ardhini, lakini paa la msonge liliinuliwa zima, miti na nyasi zake, likabebwa na watu mpaka kwenye kuta mpya. Sababu ilikuwa miti. Upande wetu wa Shinyanga vichaka vilikuwa vimefyekwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na mtu aliyetaka mapao ya kujengea alitembea mbali kuyapata. Mwenye paa zuri alilitunza kama mwenye ng'ombe anavyotunza ng'ombe.

Paa likihama, ukiwa mbali huoni watu. Wabebaji wameingia chini yake, vichwa na vifua vimefichwa na nyasi za upenu, na kinachoonekana ni miguu mingi inayotembea kwa pamoja kufuata wimbo. Tulipokuwa watoto tulichuchumaa kando ya njia tukabishana: ile ni miguu ya nani, na ile yenye kovu ni ya nani. Nilikuwa hodari katika mchezo huo. Sikujua kwamba siku moja ungenigharimu.

Nimeona mapaa mengi yakihama. Hili ninaloeleza lilikuwa la mama yangu, nalo halikufika.

Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, chini ya ardhi, akisukuma matoroli ya mawe juu ya reli. Alikuja nyumbani mara chache, akikohoa, na sisi watoto tulimwomba atusimulie habari za shimo. Habari yake ilikuwa moja. "Toroli halitaki kuondoka," alisema, "na likishaondoka halitaki kusimama. Kabla hujalisukuma, jua kwanza utalizuiaje." Mwaka ambao mimi nilichaguliwa kwenda shule ya sekondari ya misheni, kikohozi kile kilimmaliza.

Tulikuwa tunaishi katika mji wa ukoo, uzio mmoja na baba mdogo, yaani mdogo wake baba. Ng'ombe wa baba walikuwa katika zizi lake. Msiba ulipokwisha, ilitarajiwa amrithi mama, kama ilivyokuwa desturi. Mama alikataa. Alikataa kwa heshima, mbele ya watu, amepiga magoti.

"Shemeji, nimempikia mume mmoja. Mkono umechoka."

Watu walicheka. Baba mdogo naye alicheka, tena kuliko wote, akasema hamlazimishi mtu. Nilikuwepo. Niliona alivyocheka na nikadhani jambo limekwisha.

Jambo lililobaki lilikuwa mimi. Familia moja ya Kishapu ilikuwa imetuma watu kuniulizia. Ng'ombe ambao wangekuja kwa ajili yangu ndio ambao kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, angewatoa kuoa. Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwetu: dada anaolewa, kaka anaoa. Kaka alikuwa amekwisha kupata mchumba na alikuwa anangoja. Mama alisema ningoje kwanza nimalize shule. Baba mdogo alisema shule ya msichana haina mwisho, ni kama kuchota maji kwa kapu.

Maadamu tuliishi ndani ya uzio wa baba mdogo, neno juu yangu lilikuwa lake. Kama mama angekuwa na mji wake, unaotambuliwa na mwanangwa, mkubwa wa kijiji, neno lingekuwa la mama. Mwanangwa alikubali kumpa kiwanja ng'ambo ya njia ya ng'ombe, karibu na kigango. Mama alikandika kuta kwa mikono yake kiangazi chote. Palibaki paa tu, na mvua ilikuwa inakaribia.

Shuleni, muhula ule, tulikuwa tumeanza somo la nguvu na mwendo. Tulikuwa wasichana wachache, na vifaa vilikuwa vichache kuliko sisi. Sista aliyetufundisha alitumia alivyokuwa navyo. Siku moja alitupanga kuizunguka meza, akatuambia tuiinue sote, na katikati akaweka beseni lililojaa maji. Maji yalitulia. Akamgusa mmoja wetu begani, akamwambia kwa sauti ndogo alegeze mikono lakini asiitoe mezani. Maji yakasogea upande wake.

"Nani amelegeza?" aliuliza Sista.

Tulitazamana. Mikono yote ilikuwa mezani.

"Msitazame mikono," alisema. "Ulizeni maji."

Siku nyingine alijaza mchanga mbichi kwenye trei ya kuotesha miche, akamsimamisha mwenzetu juu yake, akamwondoa, tukatazama alama. Kisha akamsimamisha tena, safari hii amembeba mwenzake mgongoni. Alama ya pili ilikuwa imezama. Akatueleza kwamba ardhi hutusukuma juu kwa nguvu ileile tunayoigandamiza nayo, na mchanga mbichi hubonyea mpaka uweze kutubeba. Mtu anaweza kukunja uso na kutoa jasho akijifanya amebeba, lakini mguu wake utasema ukweli. Tulicheka, kwa sababu kila mmoja wetu alimfahamu msichana wa namna hiyo siku ya kuchota maji.

Alitufundisha pia kwamba kitu kilichotulia si lazima kiwe kimeachwa na nguvu zote. Huenda kinavutwa huku na kule kwa nguvu zilizo sawa. Niliandika hayo vizuri kwa wino, nikapata alama nzuri, na nikarudi nyumbani likizo bila kufikiri kwamba yanahusu nyumba yetu.

Siku ya kuhamisha paa ilinyesha mvua kidogo alfajiri, ya kuloanisha vumbi. Ardhi ya bondeni kwetu ni nyeusi, ya mbuga. Kiangazi inapasuka kama kisigino, ikiloa inanata. Wazee wengine walisema tungoje ikauke. Mama alisema akingoja ikauke itanyesha tena.

Basumba walikuja mapema. Hawa walikuwa vijana wa kijiji waliofanya kazi za pamoja kwa zamu, kulima, kupalilia, kubeba mapaa, na malipo yao yalikuwa chakula na pombe. Kiongozi wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alizunguka nyumba akiligonga paa kama mnunuzi anayegonga chungu, akamwita mama Mayu, kama tunavyowaita akina mama kwetu.

"Mayu, paa hili lina nini ndani? Umeficha mume?"

"Kama angekuwemo ningekuita wewe?" alijibu mama.

Vijana wakapiga vigelegele vya kiume. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Sijawahi kumwona amesimama wima vile.

Wakalegeza kamba, wakapitisha miti mirefu chini ya paa ili mabega yapate pa kushika. Kisha wakajipanga. Hapa lazima nieleze desturi moja, maana kila kitu kilitoka humo. Paa hubebwa mlango ukitangulia. Nyumba haiingii mahali pake kinyumenyume. Na upande wa mlango hushikwa na wenye nyumba wenyewe: watoto wa kiume, ndugu wa mume. Ni heshima, na ni mzigo, kwa sababu kwenye mlango upenu hurefushwa kufanya kibaraza, na mti hapo ni mwingi zaidi. Mgeni hawezi kushika upande wa mlango. Ukimweka mgeni, umesema mbele ya kijiji kwamba huna watu.

Kwa hiyo mbele waliingia watoto wa baba mdogo, watatu, vijana wenye nguvu, na katikati yao kaka yangu. Baba mdogo mwenyewe alishika fimbo, akatembea kando, akiangalia njia.

"Tayari?" aliita kiongozi kutoka ndani ya nyasi.

"Tayari!"

"Mlango, mpo?"

"Tupo!" Niliitambua sauti ya kaka.

Kiongozi akaanzisha wimbo. Alitunga papo hapo, kama kawaida yao, kuhusu mwanamke anayetembea na nyumba yake kama konokono na hamwombi mtu hifadhi. Wote wakaitikia, na kwenye kiitikio paa likaachana na kuta. Lilikwama kidogo kabla ya kuondoka, likatetemeka, kisha likaanza kwenda. Nilimkumbuka baba na toroli lake.

Mimi na wanawake tulitembea pembeni na mitungi ya maji. Mchezo wangu wa zamani ulinirudia wenyewe. Nilitazama miguu. Kaka alikuwa amevaa makatambuga, ndala za tairi la gari, na ya kushoto ilikuwa imetiwa kiraka cha tairi jingine, kilichokatwa pembe tatu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimshikia aliposhindilia misumari yake. Niliyaona makatambuga hayo mbele, yakienda kwa mdundo. Niliona fahari. Mtu angeniuliza wakati ule ni nani aliyekuwa anambeba mama, ningeonyesha kiraka kile.

Kulikuwa na jambo nililoliona na sikulitilia maanani. Vijana wa pembeni, wale waliofuata karibu na watu wa mlango, walikuwa wanapepesuka. Mashavu ya miguu yao yalikuwa yamekaza kama kamba ya kisima. Mmoja alikuwa anaitikia wimbo kwa pumzi za nusunusu. Miguu ya mbele ilikuwa inatembea kama ya watu wanaokwenda mnadani.

Njia ya ng'ombe iliyotenganisha mji wetu na kiwanja cha mama ilikuwa imechimbwa na kwato na mvua za miaka mingi mpaka ikawa mfereji mpana, wa kufika kiunoni. Ukingo wake ulikuwa umechongwa ili wabebaji washuke taratibu. Mbele walipofika ukingoni, kiongozi alipunguza wimbo. "Mlango, shukeni polepole! Nyuma, zuieni!"

Wa nyuma wakazuia. Lakini paa lilikuwa limeshaondoka, na lilikuwa na uzito wa kwenda. Nilisikia mti ukilia. Halafu upande wa mbele ukazama wote kwa mara moja, nyuma ukainuka mpaka nikawaona watu wa nyuma mpaka vifuani, wametoa macho, mikono juu, na paa likateleza mbele, likauchoma mfereji kwa upenu wa mlango, likakaa hapo limeinama, kama kofia ya mlevi.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Hakuna aliyeumia, na hilo watu walilisema mara nyingi. Kijana mmoja wa pembeni alichubuka bega likatoa damu. Waliokuwa mbele walikuwa wamesimama kando, mzima kila mmoja.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kuzungumza. Hakupaza sauti.

"Shemeji, umeona. Mlango ni mzito, na ardhi inateleza. Lakini mimi nasema si ardhi. Marehemu kaka yangu hataki paa lake litoke mjini kwake."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Mtu akimtaja marehemu, nani ambishie? Baba mdogo akaendelea, kwa upole ule ule: nyumba yake ipo, ina nafasi, mvua imekaribia, mama na binti yake waingize vyombo vyao kabla ya jua kuzama. Mengine yatazungumzwa. Niliyafahamu mengine. Mengine yalikuwa mimi na watu wa Kishapu.

Mama alikuwa anatazama paa. Baadaye akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, ingia chini. Kuna kibuyu cha mbegu nimekifunga kwenye mapao, juu ya moshi. Wewe ni mwembamba, utapenya. Nitolee kabla hawajalivuruga."

Niliingia kwa nyuma, ambako upenu ulikuwa umeinuka. Ndani kulikuwa na harufu ya masizi na nyasi kavu, harufu ya nyumba yetu, na mwanga ulipita kwenye nyasi vipande vipande. Kibuyu kilikuwepo, kinaning'inia. Nilinyoosha mkono kukifungua, nikatazama chini kuona pa kukanyaga, na sikukifungua.

Nje, umati ulikuwa umekwisha kuikanyaga njia yote. Chini ya paa hakuna aliyekanyaga baada ya kuanguka. Udongo ulikuwa mbichi na laini, na nyayo zilikuwa zimekaa kama zilivyoachwa.

Za pembeni zilikuwa mashimo. Vidole vimezama, kisigino kimezama, na udongo umefurika pembezoni mwa unyayo. Wanaume wale walikuwa wamebeba mzigo wao na mzigo wa mtu mwingine. Katikati, mahali ambapo watu wa mbele pekee walikuwa wamepita, nyayo zilikuwa juu juu, kama za mtu aliyetoka kuchunga. Niliweka mguu wangu kando ya mmojawapo, nikasimama, nikautoa. Alama yangu na ile hazikuachana sana, nami nilikuwa msichana mwembamba nisiyebeba hata kibuyu.

Mlango mzito. Kama ungewalemea, ndio wangezama kuliko wote.

Nikafuata nyayo hizo mpaka karibu na ukingo, nimeinama kwa sababu paa lilishuka huko. Kabla ya ukingo, kabla ya mahali ambapo udongo ulikuwa umechimbwa na paa, nyayo zote za mbele ziligeuka upande, nusu kushoto, nusu kulia. Ziligeuka mahali pamoja. Mtu anayekimbia kitu kinachomwangukia hukimbia anavyoweza, mmoja mapema, mwingine kachelewa, mwingine kaanguka. Hawa walikuwa wameachana taratibu kama watu wanaotoka kanisani.

Na kati yao, wazi, na mistari yake, kulikuwa na alama ya pembe tatu ya kiraka.

Nilikaa pale chini. Nje nilimsikia kiongozi wa basumba akigombana na watu wake kwa masikitiko, akiwauliza nani aliyelegeza, na kila mmoja akiapa. Nilifikiri: msitazame mikono. Nikakumbuka beseni la Sista, na jinsi tulivyocheka.

Nilikitoa kibuyu nikampa mama. Sikumwambia neno. Nilitaka kwanza niongee na kaka, maana nilitumaini kuna jambo sijalielewa.

Nilimkuta kwenye uzio wa zizi, amevaa shati lake, ananawa mikono.

"Pole kaka."

"Pole nawe. Bahati mbaya."

"Ulikuwa umebeba?"

Alinitazama. "Swali gani hilo? Hukunisikia nikiitikia?"

"Nilikusikia ukiitikia. Nauliza kubeba."

"Nani amekwambia maneno?"

"Katambuga lako. La kiraka."

Alifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akaongea harakaharaka, sauti ya chini, na nilijua kwamba maneno hayo alikuwa ameyaandaa siku nyingi.

"Wewe unaingia treni, unakwenda kufundishwa na masista. Mimi nachunga ng'ombe wa baba ambao si wangu mpaka mzee aseme. Wenzangu wana watoto. Ningoje mpaka lini? Mpaka umalize vitabu vya Wazungu wote? Mzee alisema paa likirudi mjini, watu wa Kishapu wanakuja mwezi ule ule."

"Na mama?"

"Mama angekaa ndani ya nyumba nzuri. Nani angemtesa? Ni paa tu. Hakuna aliyeumia."

"Ni paa tu," nilirudia. Nilikuwa na maelezo yote ya jinsi paa lilivyoanguka, kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na hayakunisaidia chochote.

Mama, wakati huo, alikuwa ameamuru chakula kitolewe. Baba mdogo alisema si desturi kula kabla paa halijakaa. Mama alisema, "Waliobeba wamebeba. Wale." Ugali wa mtama ukatolewa, na nyama, na pombe, watu wakakaa kwa aibu kidogo, halafu aibu ikaisha.

Wakishakula, mwenye nyumba huwapitia wabebaji na samli, akawapaka mabegani pale mti ulipochubua. Ni shukrani. Mama alichukua kibakuli chake akaanza na wa nyuma. Aliwapaka mmoja mmoja, akiwapa pole, na wao wakimtania.

"Mayu, hapa panauma zaidi. Na hapa. Na mgongoni."

"Mgongoni mti ulifikaje?"

"Ulipotea njia!"

Wa pembeni mabega yao yalikuwa yamevimba, mekundu, na yule aliyechubuka aling'ata midomo mama alipomgusa. Akawafikia watoto wa baba mdogo. Aliwapaka bila neno, nikaona anakwenda haraka. Akamfikia kaka.

"Vua shati."

"Mayu, mimi siumwi. Wapake wengine."

"Vua."

Watu walikuwa wanatazama. Akavua. Mama alichota samli kwa vidole viwili, akaweka kiganja juu ya bega lake la kulia, akazungusha mara moja, na mkono ukasimama. Alihamia la kushoto. Mkono ukasimama tena. Samli ilianza kuyeyuka na kuteremka kifuani kwa kaka, na mama hakuifuta.

"Bega lako laini," alisema, "kama siku niliyokuachisha ziwa."

Watu wakacheka kwa sauti kubwa. Walidhani ni mama anayemdekeza mwanawe. Baba mdogo peke yake hakucheka safari hii, na kaka alikuwa anatazama miguu yake.

Mama akamalizia wengine, akakiweka kibakuli chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikwenda kwenye kuta za zamani, akayang'oa mafiga matatu ya jiko lake, akayabeba moja moja mpaka kwenye paa lililoanguka, akaingia nayo kwa pale palipoinuka. Baada ya muda moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi, ule moshi wa nyumba yenye mtu.

"Shemeji!" aliita baba mdogo. "Shemeji, mvua!"

"Si nina paa?" alijibu mama kutoka ndani.

Tulilala humo mvua za kwanza zote, mimi na yeye, upande mmoja umeinama mpaka chini, upande mwingine tumeuziba kwa mikeka na miiba. Hakunieleza alichokiona, nami sikumweleza nilichokiona. Mara moja tu, akipembua mbegu, aliniuliza, "Chini ya paa siku ile, ulikaa sana. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kibuyu."

"Kibuyu kilikuwa usoni pako," alisema, akaendelea kupembua.

Mwanangwa alikuja kukagua. Aliutazama moshi, akatazama kuta mpya ng'ambo, akatazama mji wa baba mdogo nyuma yetu, akakuna kichwa. Akasema kama nyumba imejichagulia mahali, yeye ni nani. Pale pale, hatua chache kutoka mfereji, akampimia mama kiwanja kingine. Sista alikuwa ametufundisha kwamba kamba mbili zikivuta kitu kwa pembe, moja huku na moja huku, hakiendi huku wala huku, kinapita katikati. Nyumba ya mama ilisimama katikati, si kule alikotaka, wala si kule alikotakiwa.

Kuinua paa tulilifanya bila sherehe, na bila kulibeba. Wanawake wa jirani walikuja na miti mirefu. Unaweka jiwe karibu na paa, mti unapita juu ya jiwe, watu watatu wananing'inia kwenye ncha ya mbali, paa linainuka kiasi cha mkono kuingia, mwingine anasukumia gogo. Mnahamia upande wa pili. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Ndivyo walivyong'oa visiki mashambani maisha yao yote. Kidogo kidogo likanyooka, likapanda juu ya magogo, na nguzo zikasimamishwa chini yake. Kuta zingefuata. Kiongozi wa basumba alikuja na vijana wawili bila kuitwa, na hakutaka pombe.

Adhuhuri kaka alikuja. Alisimama mbali kidogo, amevua shati, ameliweka begani kama mtu aliye tayari. Watu wa Kishapu walikuwa wamekwisha kukataliwa kwa mdomo wa mama, na sanduku langu la shule lilikuwa limefungwa. Alichotegemea kilikuwa kimepotea, na bado alikuja. Hata leo sijui alikuja kwa sababu gani. Nimeandika habari za watu wengi tangu wakati huo, nikawauliza maswali magumu, na hilo moja sikuwahi kumwuliza.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nishike wapi?"

Alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mbele, upande wa mlango, kama haki yake ilivyokuwa. Mama alimzuia kwa mkono. Aliwaita wanawake wawili wa jirani, si ndugu zetu, hata kabila si letu, akawaambia waushike mlango. Kijiji chote kingesikia kabla ya jioni kwamba hana watu.

Kisha akamwonyesha kaka nguzo ya nyuma, karibu na alipokuwa amesimama yeye.

"Shika hii," alisema. "Hapa ninapoiona miguu yako."